Mwenye Masikio Katika Darasa la Viziwi

Binti yangu alifukuzwa shule mara tatu kabla hajajua kuandika jina lake, na kila aliyemfukuza alikuwa na cheti kimetundikwa ukutani.

Mara ya kwanza ilikuwa nasari ya kanisa, hatua chache kutoka soko la Roret. Alikuwa na miaka minne. Mwalimu wa pale alikuwa msichana aliyependa nyimbo za kupiga makofi, na kila makofi yalipoanza binti yangu alijikunyata chini ya benchi akaziba masikio. Uji hakuunywa, ukimgusa mdomoni alitapika. Baada ya mwezi mmoja niliitwa nikaambiwa kwamba mtoto wangu ana kiburi. Nilikuwa najua watu wengi wenye kiburi, na baadhi yao walikaa viti vya mbele kanisani humo humo, lakini sikuwa nimewahi kusikia kiburi cha miaka minne kinachotapika uji.

Mara ya pili ilikuwa kwa mama mmoja aliyefungua madarasa mawili nyuma ya duka lake la mbolea. Huyu alisema mtoto anauma. Ilikuwa kweli. Ukimshika ghafla kutoka nyuma, binti yangu aliuma, na mama wa mbolea alikuwa na mazoea ya kuwasukuma watoto kwa kuwashika shingo kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni. Akamshika, akaumwa, akamfukuza. Alinionyesha alama za meno mkononi mwake kana kwamba mimi ndiye niliyeuma.

Nyumbani tulikuwa tumemzoea, na kuzoea huko ndiko kulikotudanganya. Tangu akiwa mdogo alipiga kelele tukimmwagia maji kichwani. Hakukubali kukanyaga nyasi zenye umande. Alitembea kwa vidole vya miguu mpaka afike njiani. Lori la majani chai alilisikia likiwa bado mbali ng'ambo ya kilima, akakimbilia ndani kabla sisi hatujajua kwamba linakuja. Maneno yalichelewa sana. Akiwa na miaka mitano alikuwa nayo machache, na aliyatumia kwa uchoyo. Lakini kulikuwa na mambo aliyoyapenda kupita kiasi. Alipenda kupenya katikati ya michai iliyosongana, matawi yakimbana huku na huku, akarudi akapenya tena. Alipenda tumfunike kwa magunia ya majani tuliyochuma, moja juu ya jingine, abaki kichwa tu nje. Hapo alitulia kabisa, akacheka. Mama mkwe wangu alisema mtoto anayependa kufunikwa hivyo anaita maiti. Mimi nilimwona ana raha, nikamwondolea magunia kwa sababu ya maneno ya mama mkwe.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Kelele zilikuwa zimemla masikio nusu, na ukimwambia mtoto anaumizwa na sauti alikutazama kama mtu anayeambiwa kwamba maji yanachoma. Ataacha, alisema. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa mambo yote, kuanzia mtoto hadi serikali.

Basi akaingia darasa la kwanza, shule ya msingi ya hapo hapo kwetu. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya trekta iliyoning'inizwa kwenye mti wa saipresi, nje kabisa ya dirisha la darasa la kwanza. Iligongwa kwa kipande cha nondo, na zamu ya kuigonga ilikuwa heshima kubwa, kwa hivyo kila aliyepewa aliigonga kwa nguvu zake zote. Sweta ya yunifomu ilikuwa ya sufu nzito, rangi ya maruni, inayowasha hata mtu mzima. Paa lilikuwa mabati matupu bila dari. Na kwetu, mtu yeyote aliyewahi kuishi katika nchi ya chai anajua, mvua ya mawe huja alasiri kama mgeni mwenye ufunguo wake.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mrefu, msafi, aliyependa neno "nidhamu" kiasi kwamba alilitamka kwa utulivu kama mtu anayeonja asali. Nilimweleza kabla shule haijafunguliwa. Nilimwomba mtoto akae mbali na dirisha, na avae sweta ya pamba ya rangi ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba akimruhusu mmoja avae pamba, kesho mwingine atakuja na koti la mvua. Kuhusu kengele alisema mtoto azoezwe. Nilimwuliza azoezwe vipi.

"Mama," akasema, "fimbo haijawahi kumkosesha mtu njia."

Hapa ndipo ninapojidharau mwenyewe, na sitaki msomaji anisaidie kujitetea. Nilikwenda nyumbani nikakata ufito wa mchai. Kwa wiki mbili, kila asubuhi, nilimvalisha binti yangu ile sweta, akaivua, nikampiga, nikamvalisha tena. Alikuwa akijikuna shingoni mpaka damu. Mimi niliona ukaidi. Siku ya kumi hivi aliacha kuivua, akaenda shule akiwa ameinyoosha mikono mbali na mwili kama kuku aliyelowa. Nilifurahi. Nilimwambia jirani yangu kwamba mtoto amenyooka.

Mvua ya mawe ilinyesha wiki ya tatu. Niliyoelezwa ni haya: mawe yalipoanza kupiga mabati, watoto wengine walishangilia kwa sababu masomo yalisimama. Binti yangu aliingia chini ya dawati, akajisaidia hapo hapo, akapiga mayowe. Mwalimu wa darasa alimvuta mguu. Akamuuma mwalimu. Akatoka mbio nje, ndani ya mawe yenyewe, akaenda kusimama kwenye nafasi nyembamba kati ya ukuta wa choo na ua wa miti, akajibana humo. Walipompata alikuwa na nundu kichwani na amenyamaza kabisa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto akimbilie mawe yanayomgonga kichwa badala ya paa linalomkinga. Swali hilo lilihitaji akili kidogo, na akili ya siku hiyo ilikuwa imetumika yote kuandika barua ya kuniita.

Wazazi walikusanywa. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye ng'ombe wake walikula mahindi yangu kila mwaka bila yeye kuitisha mkutano, alisema si haki watoto wa watu wakae benchi moja na mwenye wazimu. Mama mmoja aliuliza kama ugonjwa ule huambukiza. Mwalimu mkuu aliuliza kama kuna mwenye maoni tofauti. Wazazi wale nilichuma chai pamoja nao, niliwapikia katika matanga yao, wengine niliwasaidia kujifungua. Wote walitazama viatu vyao. Mume wangu alikuwa zamu kiwandani, na nadhani alishukuru. Niliweka sahihi kwenye karatasi iliyosema nimemwondoa mtoto kwa hiari yangu.

Baada ya hapo ikaja zamu ya waombezi. Mama mkwe alimleta mhubiri kutoka mbali, na mhubiri akaja na jenereta na vipaza sauti viwili vyenye ukubwa wa mlango wa zizi. Alivipanga uani kwangu, vikamwelekea mtoto asiyevumilia kijiko kikianguka, kisha akaanza kukemea pepo la kelele. Binti yangu aliruka dirishani akapotelea zizini. Tulimkuta amelala ndani ya hori, chini ya majani ya ng'ombe, amejifukia. Mhubiri alitangaza kwamba pepo limekimbia. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa natazama ng'ombe wangu, ambaye kwa siku mbili hakutoa maziwa, nikafikiri kwamba hapo nyumbani kiumbe kimoja tu kimemwelewa mtoto wangu, nacho kinakula nyasi.

Daktari wa hospitali naye tulimwona. Alimtazama muda usiotosha kunywa kikombe cha chai, hakumgusa, akaandika dawa ya minyoo.

Ni muuguzi mmoja wa hospitali hiyo, alipokuwa akitupatia dawa yetu ya minyoo, aliyeniambia kwamba serikali ina vituo vya kupima watoto wenye ulemavu na kuwatafutia shule. Nilikataa neno ulemavu, nikaenda nalo nyumbani nikilikataa, na mwezi uliofuata nikaamka asubuhi nikampeleka.

Mpimaji alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na fomu yenye visanduku vinne: kipofu, kiziwi, kilema, na mpungufu wa akili. Alimpa binti yangu vijiti apange, akavipanga vizuri kwa urefu. Akamwonyesha picha, akazitambua. Kisha akaenda nyuma yake kimya kimya, na kabla sijafungua mdomo, akagonga debe kwa rula. Tulikaa saa nzima tukimbembeleza atoke chini ya meza.

"Huyu anasikia," mzee akasema, akifuta miwani.

Nikamwambia kwamba hilo ndilo tatizo, anasikia kuliko sisi sote. Akaitazama fomu yake juu na chini.

"Mama, fomu haina mahali pa mtoto anayesikia sana."

"Basi andika hivyo."

"Niandike wapi?"

Alifikiri sana. Nimtendee haki, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. Akaniambia kwamba nafasi ya mpungufu wa akili itamharibia mtoto maisha, na tena si kweli. Vipofu na vilema haiwezekani. Lakini mtoto haongei vizuri, anashika masikio, na kuna kitengo cha viziwi ndani ya shule moja ya msingi upande wa Kedowa ambacho kina nafasi. Akatia alama kwenye kisanduku cha kiziwi, akapiga muhuri.

Nilitoka pale nikiwa na karatasi ya serikali inayosema kwamba mtoto anayesikia lori nyuma ya kilima ni kiziwi. Nilicheka peke yangu barabarani, kicheko kibaya. Nyumbani niliiweka ile karatasi ndani ya Biblia na kuiacha humo karibu mwaka mzima. Na kusema kweli, kilichoniudhi zaidi hakikuwa ujinga wa karatasi. Ni kwamba sikutaka mtoto wangu akae na mabubu. Pale kwetu bubu aliitwa kwa kurushiwa kijiwe, na mimi nimewahi kukirusha.

Mwaka huo mzima binti yangu alikaa nyumbani. Watoto wa rika lake walipita njiani na mabuku yao akiwatazama kupitia ua. Siku moja nilimkuta amekaa peke yake na kipande cha makaa, amejaza ukuta mzima wa jiko herufi alizonakili kutoka kwenye magunia ya mbolea. Hazikuwa na maana yoyote, majina ya dawa na uzito, lakini zilikuwa zimenyooka kuliko mwandiko wangu. Nikaenda kwenye Biblia nikatoa karatasi.

Dada yangu mkubwa aliolewa Kedowa. Alikuwa mjane, akilima viazi na kuviuza kando ya barabara kuu, na alikuwa mtu wa maneno machache, jambo ambalo binti yangu alilipenda kwake. Nilimwachia mama mkwe chai na ng'ombe, nikavumilia aliyoyasema, nikahamia kwa dada na mtoto.

Kitengo cha viziwi kilikuwa katika stoo ya zamani ya mzungu fulani aliyelima ngano huko kabla ya uhuru. Kuta za mawe, dari ya mbao. Ndani kulikuwa na watoto kumi na wawili na mwalimu mmoja, mama wa makamo mwenye viatu vya raba. Kengele ya shule kuu iligongwa mbali, upande wa pili; kitengoni hakukuwa na kengele, kwani ingemwita nani? Wakati wa mapumziko mwalimu alipunga kitambaa cha kijani. Sitasema palikuwa kimya. Viziwi hugonga meza, huburuta viti, na sauti zinawatoka bila wao kujua. Lakini kila kelele ilikuwa na sababu unayoiona ikija, na hakuna aliyegonga chuma kwa ajili ya heshima.

Mwalimu alimtazama binti yangu asubuhi moja tu. Saa nne alikuja nilipokuwa nimekaa nje kwenye nyasi.

"Mama, huyu si kiziwi."

"Najua."

"Mbona basi umemleta hapa?"

Nilimweleza yote. Nasari, mbolea, rimu, mvua ya mawe, mhubiri, minyoo. Nilipofika kwenye sweta nilisema tu kwamba hakuipenda. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mwenye cheti aliyewahi kuniuliza: anapenda kubanwa au kuguswa kidogo? Anatembeaje kwenye nyasi? Anatafuta nini akiogopa? Nikamwambia habari za magunia ya majani chai. Aliinua uso.

"Na mliacha kumfunika?"

Nikasema tuliacha. Hakunilaumu. Akaniambia kwamba kuna watoto ambao masikio na ngozi zao hazina mlango wa kufunga; kila kitu kinaingia chote, na mtoto anashindwa kukipanga. Alilijua hilo kutoka kwenye kozi moja ambapo mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwafundisha, na kwa kuwafundisha watoto wawili wa namna hiyo miaka ya nyuma. Akasema mwili wa mtoto kama huyu hutulizwa na uzito na kazi ya nguvu, na kwamba yale mtoto anayoyatafuta mwenyewe ndiyo dawa ya kwanza. Yaani binti yangu alikuwa amejitibu tangu akiwa na miaka mitatu, na sisi, watu wazima wenye akili timamu, tulikuwa tukimwondolea dawa na kusema anaita maiti.

Tukaanza. Asubuhi kabla ya kuvaa, nilimsugua mikono, mgongo na miguu kwa kitambaa kigumu, kwa nguvu, nikielekea upande mmoja, kamwe si kwa kumpapasa. Kisha nilimviringisha ndani ya blanketi nikambana kama mkeka, mpaka pumzi yake itulie. Alibeba kibuyu cha maji kutoka kisimani. Alisukuma ukuta, mwalimu akimhesabia kwa vidole. Darasani aliwekewa mapajani kifuko cha mahindi, na kila alipoanza kuyumba mwalimu alikisogeza tu, bila neno. Fundi wa nguo wa Kedowa alimshonea sweta ya maruni ile ile ikiwa na pamba ndani kuanzia shingoni hadi mikononi. Kazi ya nusu siku. Mwalimu mkuu wetu angeweza kuruhusu kazi hiyo ya nusu siku na mtoto wangu asingepoteza miaka miwili, lakini nidhamu ya kitaifa ingeporomoka.

Haikuwa miujiza. Kulikuwa na siku alizolia tangu asubuhi. Alimuuma kiziwi mmoja, na kiziwi akamrudishia, wakawa marafiki. Baada ya wiki tatu nilirudi Roret kwa sababu chai haingojei mtu, nikamwacha kwa dada.

Alipokuja likizo ya kwanza alikuwa na mikono inayosema. Mimi sikujua ishara hata moja, kwa hivyo dada yangu, aliyekuwa amejifunza kidogo kidogo kwa kumtazama, alikaa katikati yetu jikoni akifasiri. Nilimwambia amuulize kuhusu kengele ya shule ya zamani. Mtoto alionyesha meno yake, kisha akafanya kama mtu anayeyakata kwa msumeno. Nikamwambia amuulize kuhusu sweta. Binti yangu akachezesha vidole vyake vyote kumi juu ya shingo yake, vikishuka kifuani, vikipanda, vikiuma.

"Siafu," dada akasema. "Anasema ilikuwa siafu."

Nilitoka nje nikaenda kusimama shambani. Wiki mbili nilikuwa nimempiga mtoto ili akae ndani ya siafu, na siku alipochoka kupigwa nikasema amenyooka. Nimewadharau watu wengi katika maandishi haya, na nitaendelea, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeshika ule ufito.

Likizo hiyo mume wangu alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alileta kutoka kiwandani mbao za masanduku mabovu ya chai, akazipigilia chini ya mabati ya chumba cha mtoto, na katikati akajaza magunia yenye maganda ya mahindi. Hakusema anachofanya wala kwa nini. Mvua ya mawe ilipokuja, mtoto alikaa chumbani akishika ukuta kwa viganja viwili, uso umekunjamana, lakini hakutoka. Baba yake alisimama mlangoni mpaka mvua ikaisha. Kisha akasema mbao hazikutosha upande wa dirisha, akaenda kutafuta nyingine.

Tulimpa pia kikapu chake cha majani. Alichuma nami, na akabeba mzigo unaomfaa mpaka kituo cha kununulia chai, akafika ametulia kama mtu aliyelala vizuri. Majirani walisema namtesa mtoto mgonjwa. Hao ndio waliokaa kimya nilipompiga kwa ufito.

Mwaka wa pili maneno ya mdomo yakaanza kuja, moja moja, yakifuata ishara kama ndama anayemfuata mama yake. Akasoma. Akaanza kumsahihisha dada yangu hesabu za magunia ya viazi.

Kisha akaja inspekta. Lendrova yake ilifika langoni, lango lilikuwa limefungwa, akapiga honi, ndefu, ya mtu anayejua cheo chake. Kitengoni watoto kumi na wawili waliendelea kuandika. Mmoja aliruka akaziba masikio.

Inspekta hakuwa mjinga kabisa, hilo aliliona. Alidai faili, akasema mwalimu ameidanganya serikali na mtoto anaiba nafasi ya kiziwi, na kwamba atolewe wiki hiyo. Dada alinitumia ujumbe, nikafika siku ya tatu. Nilimkuta inspekta katika ofisi ya shule, mwalimu amesimama kando na viatu vyake vya raba kama mtoto aliyeadhibiwa. Inspekta alinieleza kwa sauti ya upole, ile ambayo wakubwa huitumia kwa akina mama wa chai, kwamba mtoto wangu anasikia.

Nikatoa karatasi.

"Serikali imesema ni kiziwi," nikamwambia. "Huu hapa muhuri."

"Mama, mimi mwenyewe nimemwona akishika masikio."

"Basi andika barua kwamba serikali ilikosea. Na kwenye barua hiyo hiyo taja shule itakayompokea. Nitampeleka kesho."

Aliisoma karatasi mara mbili. Nilimwona akipiga hesabu. Kuandika barua kulimaanisha kumshtaki mwenzake wa ofisi nyingine, kisha kutafuta shule yenye mwalimu anayejua la kufanya, na alijua kama nilivyojua kwamba hakuna. Kukaa kimya hakukumaanisha chochote. Akaikunja karatasi vizuri, akanirudishia, akasema suala hilo linashughulikiwa. Sijawahi kulipenda neno la serikali kama nilivyolipenda hilo siku ile, kwa sababu nilielewa kwamba halitashughulikiwa na mtu yeyote mpaka mwisho wa dunia.

Binti yangu alikaa kitengoni mwaka mwingine. Baadaye mwalimu alizungumza na mwalimu wa darasa la tatu upande wa pili wa shule hiyo hiyo, wakakubaliana: akae karibu na mlango, atoke kwenda stoo kabla kengele haijagongwa na mvua ikianza, na asishikwe kutoka nyuma. Masharti hayo matatu ndiyo yaliyokuwa yakihitajika tangu mwanzo. Hayakuhitaji pesa wala mzungu wala mhubiri. Alimaliza darasa la nane akiwa na alama za kawaida, si za kutangazwa, akaendelea. Leo ana kitalu chake cha miche ya chai na nyumba yenye dari. Harusini haji, na hatumwombi. Wakati mwingine zahanati humwita akamfasirie kiziwi, na huenda, akikaa karibu na mlango. Watu wa kwetu husema walijua tangu zamani kwamba atakuwa mtu.

Mwalimu wa kitengo alihamishwa. Miaka michache baada ya honi ile ofisi ilimpeleka Sigor, nchi ya joto na vichaka, kufundisha hesabu darasa la tano. Hakukuwa na kiziwi hata mmoja katika darasa hilo. Kitengo kilipewa kijana aliyesomea kilimo.

Nilimtembelea mara moja tu, na kuku na chupa ya mursik, maziwa yetu ya mgando. Alikuwa amekaa nje ya nyumba ya walimu akisahihisha rundo la madaftari, na aliponiona aliyaweka chini akaniuliza, kabla ya salamu kwisha, kama bado namsugua mtoto kuelekea upande mmoja. Nikasema sasa anajisugua mwenyewe. Akafurahi. Nilianza kuwatukana waliomhamisha, mmoja baada ya mwingine, kwa vyeo vyao, na nilikuwa nimejiandaa kwa muda mrefu. Alinisikiliza kidogo, akacheka, akasema kazi ni kazi, hata hawa wa hesabu ni watoto.

Sikukubali, na bado sikubali. Nilimsaidia kumnyonyoa kuku huku nikiendelea na orodha yangu, na yeye akaenda kuteka maji ya kupikia.